Chuma cha Nyuma ya Bampa

Katika mji ule, kila chuma kinachotolewa kwenye gari la mashindano hubebwa na dereva mwenyewe, kwa miguu, mpaka mwisho wa barabara ya mbio.

Asubuhi hiyo fundi Shekue alifungua bampa la mbele, akakitoa chuma kizito kilicholishikilia tangu kiwandani, akampa Salha, dereva wa gari hilo. Mkononi fundi alikuwa na kingine cha alumini, chepesi kama ubua.

“Dada, hiki cha zamani kimebonyea katikati.”

“Kiligonga ukuta wa soko. Kaka yangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Kilimkinga, akashuka anacheka.”

Fundi alisita. “Basi nikirudishe?”

“Funga hicho chepesi. Nataka kushinda.”

Salha akaenda na kile kizito ukunguni, amekipakata kama mtoto aliyelala. Mwisho wa barabara, vyuma vya madereva wengine vilikuwa vimezongwa na nyasi. Akakilaza taratibu, akapapasa pale kilipobonyea.

Kule nyuma fundi aliliwasha gari. Salha aliposimama, mikono yake iliyokwisha kuzoea uzito ikaanza kupanda yenyewe, polepole, kama ya mtu anayetaka kudaka kitu kinachoanguka.