Mrija wa Mzee Bakili

Zamzam alikunja mkono wa gauni mwenyewe, akauweka mezani. "Toa hapa."

Isidori, mpima damu wa hospitali, akacheka. "Kwani aliyepata kiharusi ni wewe?"

"Si baba na mwana? Damu ni hiyo hiyo. Toa, kaka yangu, nakuomba."

Mzee Bakili alikuwa wodini, upande wa kushoto umelala, mdomo umekwenda kombo, ila maneno hayakumpungukia. Kila akiona sindano hupiga kelele: "Mumiani hao! Nimeingia Kariakoo tangu enzi za Mwingereza, damu yangu hawajaionja!" Daktari naye halegei. Kama mwilini bado kuna uvimbe unaowaka, mzee haendi nyumbani. Na bila kupima, nani atajua?

Na Ijumaa Zamzam anaolewa. Baba mdogo alijitolea kuozesha, Zamzam akaapa: asipoozeshwa na baba yake, haolewi.

Isidori akatazama huku na huku, akavuta damu, akaipandisha kwenye mrija mwembamba wa kioo, akausimamisha wima. "Tunaiacha saa nzima. Ikishuka polepole, salama. Ikikimbilia chini, ndani kuna moto."

"Yangu itatambaa kama kobe," Zamzam akasema. Akapita kumuaga baba yake, kisha huyoo Msimbazi, kupanga foleni ya sukari ya harusi kwenye duka la ushirika.

Aliporudi na kifurushi chake, daktari alikuwa anamngoja mlangoni. Uso mkavu.

"Damu hii imekwenda chini kama jiwe. Mwenye nayo hatoki hapa."

Zamzam akamsogelea daktari. Ujanja wake mwenyewe ndio umemfungia baba ndani! Bora aibu.

"Ndugu Daktari, nisamehe. Ile si ya baba. Ni yangu mimi, mzima. Mpimeni yeye, hata kwa kumshika."

"Hakushikwa. Alipoiona pamba mkononi mwako akajua umefanya nini. Ulipotoka tu akamwita Isidori: 'Mwanangu wamemnyonya kwa ajili yangu? Haya, ninyonyeni na mimi!' Damu yake safi. Nimeshampa ruhusa, Ijumaa ataozesha."

"Alhamdulillahi!"

Daktari akampokea sukari taratibu, akamshika bega.

"Wodi ya wanawake ni hii ya kulia. Vua viatu, bibi harusi."