Friji Yenye Homa

Katika umeme wa magari, Fundi Cheche hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Wapinzani wake wawili walikuwa mtaa wa pili, na wateja nao walikuwa huko huko.

Asubuhi hiyo alikuwa amelala chali nyuma ya gari dogo la mizigo la mdogo wake wa kike, kichwa chini ya benchi, miguu inaning'inia nje kama ya mbuzi wa buchani. Karibu na sikio lake lilikuwepo tatizo lenyewe: friji ya gari inayopasha moto badala ya kupoza.

"Wiki tatu, kaka!" alisema mdogo wake, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Biashara yake ilikuwa mtindi, lakini mdomo wake haukuganda hata siku moja. "Wiki tatu nabeba mtindi kwenye ndoo za barafu. Friji hii uliifunga wewe kwa mikono yako. Siku ya pili tu, ikaanza kuchemka."

"Umeme una tabia zake," Fundi alijibu kutoka chini ya benchi.

"Na macho yana tabia zake. Sasa nisikilize. Nikijua ni wewe uliyekosea nyaya, leo leo tunafunga gereji. Unahamia kwangu, unakaa sebuleni unachambua mchele."

Kuchambua mchele hakukumtisha Fundi. Kilichomtisha ni kuchambuliwa yeye, kutwa nzima, na mdogo wake.

Mume wa mdogo wake, ambaye ndiye dereva wa gari hilo, alikuwa amechuchumaa kando ya friji, kiganja juu ya mfuniko kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Alikuwa mpole ajabu. Ndiye aliyekuwa akiahirisha safari ya gereji: leo tairi, kesho foleni, keshokutwa mvua. Na leo alipolileta gari, matuta aliyavuka taratibu kama amebeba maji kwenye sahani.

"Shemeji, usijichoshe," alimnong'oneza Fundi. "Sema spea hakuna. Nipe siku mbili tatu tu, mimi nitamtuliza."

"Wewe ni mtu mwema, shemeji."

"Najitahidi."

Fundi hakuacha kazi. Akachomoa fyuzi, akaitazama juani: nzima. Akagusa plagi kwa taa ya kupimia: umeme unafika, tena wa kutosha. Swichi ya nguvu aliikuta imepunguzwa mpaka kiwango cha chini kabisa. Akaweka kiganja ubavuni mwa friji. Vuguvugu, kama kwapa la mtu mwenye afya.

Zipo friji za aina hiyo, hazina mota wala gesi. Umeme ukipita upande wake, joto linafukuzwa nje. Ukizigeuza nyaya, joto linarudi ndani, na friji inakuwa jiko. Fundi alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Akavuta kiungo cha nyaya mpaka karibu na pua.

Waya mwekundu ulikuwa umeungwa na mweusi. Mweusi na mwekundu. Juu yake utepe umezungushwa vizuri, kazi safi ya mtu asiye na haraka.

Miwani yake ilikuwa mfukoni, na ilikuwa mfukoni vile vile siku alipoifunga friji hiyo, kwa sababu alisema miwani ni ya wazee. Sasa mzee ndiye huyu hapa, chali, ameshindwa kutofautisha nyekundu na nyeusi.

"Umeona nini?" mdogo wake akauliza.

"Panya," akasema Fundi.

"Panya!" Shemeji alidakia kabla neno halijatua. "Hao hao! Nimewaona kwa macho yangu, wakubwa kama paka!"

Fundi nusura atokwe na machozi. Kumbe shemeji alishajua, na alikuwa akimsitiri. Mtu wa namna hii hata ndugu wa tumbo moja hamfikii.

Mdogo wake akainama, akachungulia. Yeye macho yake yalikuwa mazima.

"Panya ametafuna nyaya, akazibadilisha, kisha akafunga utepe? Huyo si panya, kaka, huyo ni fundi."

Fundi akaiweka chini taa ya kupimia.

"Basi ni mimi," akasema hatimaye. "Nimekosea. Macho yamenikimbia."

Mdogo wake hakucheka. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, na Fundi akajipapasa, akampa ufunguo wa gereji. Miaka thelathini na mbili ikaondoka pamoja na huo ufunguo.

"Niache nizigeuze nyaya kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Nisikuachie jiko."

Akashika koleo, akalipeleka kwenye utepe.

"Usiguse!" Shemeji aliruka, akaikumbatia friji kwa mikono miwili. "Iache! Isipoe! Yaani... ikipoa ghafla itapasuka!"

Mdogo wake Fundi akamtazama mumewe. Akautazama ufunguo. Akamtazama tena mumewe.

"Hebu fungua hiyo friji."

"Mfuniko umeng'ang'ania, mke wangu. Joto hilo."

"Kuna nini ndani?"

"Kutakuwa na nini? Haki ya Mungu, tupu. Tupu kabisa!"

Ndani ya friji ganda likapasuka, na kitu kikasema, "Piyo."

Kingine kikakiitikia.