Korongo Miguu Juu

Kitendawili. Adui kaja kuniomba mume, nimempa, wala sikupungukiwa.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, nimeupokea, nimekula nimeshiba, lakini jibu sitoi mimi. Atalitoa Okiwa mwenyewe, mke wa Jinbei.

Asubuhi ile Nukada alipanda barazani kwa Jinbei bila kuitwa, akaingia na viatu vyake vya majani vikidondosha theluji mkekani.

"Hodi hupigwa nje, Bwana Nukada," Okiwa alisema.

"Hodi ni ya watu wanaopendana. Mumeo hali yake vipi?"

"Viatu."

Nukada akavua viatu. Swali lake likabaki hapo hapo lilipoangukia.

Miaka mitatu wanaume hawa wawili walikuwa wakirushiana maneno mbele ya bwana wetu wa Shirase. Jinbei alisema tumwinamie mfalme. Nukada alisema tumpiganie shoguni, mkuu wa majeshi, ambaye ukoo wake ulitulisha tangu enzi za mababu. Jinbei alimwita Nukada mbwa anayebwekea bakuli. Nukada akamwita Jinbei alizeti, shingo hufuata jua. Bwana wetu akamsikiliza Nukada. Tukaenda vitani, tukapigwa.

Sasa askari wa mfalme walikuwa wamekaa ngomeni, na mjumbe wao, mtu wa kusini asiyemjua yeyote kwetu, alikuwa ametoa siku tatu. Alitaka jina la mtu mmoja aliyemshauri bwana wetu kupigana. Mtu huyo ajipasue tumbo nyumbani kwake kwa heshima, ungamo lake ligongwe muhuri wake, na fundo la nywele zake litiwe kwenye kisanduku. Akifanya hivyo, nyumba yake haitaguswa. Asipopatikana, kitakatwa kichwa cha bwana wetu.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Nukada akakunjua ungamo juu ya mkeka. Okiwa akalisoma, akarudia kulisoma.

"Umekosea. Hapa limeandikwa jina la mume wangu, si lako."

"Jina langu nalijua."

"Mtu aliyekauka koo kwa kuwaambia msipigane, leo ndiye mwenye vita? Na mwenye vita mwenyewe kakaa kwangu anangoja chai?"

"Chai hujanipa."

"Wala sikupi."

Nukada akatazama upande wa chumba cha ndani. Mlango ulikuwa umezibwa na kisitiri cha karatasi, kimechorwa korongo wawili, vichwa chini, miguu juu. Nyuma yake ulifuka ubani, na upepo wa baridi ulipita hadi ukamfikia magotini.

"Unamwachia mgonjwa madirisha wazi, theluji yote hii?"

"Homa inamchoma."

"Na ubani?"

"Unalainisha kifua."

Paka wa nyumba akapita katikati yao, tumbo nono likiburuzika mkekani. Mji mzima siku hizo ulikuwa unatafuna figili za chumvi na magome ya miti.

"Naona uji wa Jinbei una mlaji," Nukada alisema.

"Kama umekuja kuhesabu vijiko, jikoni ni kule."

Hapo Nukada akatoa karatasi ya pili kwenye mkono wa joho lake, na Okiwa akaisogelea. Aliijua. Ilikuwa barua ya kumfanya mkwe wao awe mwana wa nyumba, maana Jinbei hakuwa na mtoto wa kiume, ila binti mmoja tu. Na kwetu, mwenye nyumba akifa kabla mrithi wake hajagongewa muhuri wa bwana, jina hufutwa, mgao wa mchele huchukuliwa, na waliomo hutolewa njiani. Barua ilikuwa imelala tangu majira ya kupukutika majani. Bwana wetu alikuwa amefungiwa hekaluni, na muhuri wake ulikuwa kiunoni kwa Nukada.

"Nikijitoa mimi leo," Nukada alisema, "barua hii atakugongea nani? Watu wa kusini?"

"Watu wataambiwa alikuwa adui wa mfalme aliyempenda. Kaburi lake litatemewa mate."

"Na binti yako atalala ndani. Jina la mumeo au nyumba yake, shemeji. Vyote viwili sina."

"Mimi si shemeji yako."

Theluji ikaporomoka paani, puu. Okiwa akainuka, akapita nyuma ya kisitiri. Aliporudi alikuwa na muhuri wa mumewe. Akaugonga kwenye ungamo kwa nguvu hata paka akakimbia. Nukada naye akaigonga barua kwa muhuri wa bwana, akaiandika tarehe ya mwezi uliopita. Hakuna aliyemshukuru mwenzake.

"Nywele?"

"Nitazikata mwenyewe. Wewe usimguse."

Nukada akatoka barazani, akainama kufunga viatu. Okiwa akamfuata na konzi ya chumvi, ya kusafishia nyayo zake.

"Kabla mjumbe hajaja kuchukua kisanduku," Nukada alisema bila kugeuka, "kisimamishe vizuri kisitiri chako. Hata kusini wanajua kinapinduliwa mbele ya mtu gani." Akakaza kamba. "Na tangu niingie nimekuuliza jambo, hujanijibu. Mumeo hali yake vipi?"

Okiwa akamwaga chumvi kizingitini.

"Leo siku ya tisa tangu afe," alisema. "Alikufa anakutukana wewe."