Darubini ya Bomba

Kandambili ya kushoto ilimkatikia ghorofa ya tatu, akaiacha hapohapo na kuendelea kupanda na moja. Mshonaji hakuwa mtu wa kupanda mapaa ya majengo. Lakini wifi yake alikuwa leba tangu adhuhuri, na mwenye mzigo wake, yaani mdogo wake yeye mshonaji, fundi wa mafriji, alikuwa huko juu anatazama nyota.

Paani alipokewa na kinyozi, mwenyekiti wa chama cha watazama nyota, aliyeshika ndoo yenye mfuniko. Alimwomba kwa adabu atumbukize simu yake humo. Mwanga wa simu huharibu macho ya watazamaji, alieleza, kwa hiyo zote huingia ndooni, hata ya mwenyekiti. Ndipo mshonaji alipoelewa kwa nini amempigia mdogo wake mpaka kidole kikaota sugu.

Wanachama walikuwa wamepanga foleni nyuma ya darubini, na foleni yenyewe imenuna. Jioni ile, jua likishatua, mwezi mchanga ungeonekana bega kwa bega na Zuhura, chini kabisa upande wa magharibi, kwa muda mfupi kabla havijazama. Fundi ndiye aliyeiunda darubini hiyo kwa bomba la maji taka, kwa hiyo alipewa heshima ya kuanza. Kuanza alianza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwona akimaliza. Alikuwa ameinama, jicho limeng'ang'ania kioo kama kupe.

"Bado," alijibu kila alipoulizwa. "Wingu halijapita."

Mwenyekiti alimnong'oneza mshonaji kwamba yeye wingu hilo halioni, lakini nani abishane na mwenye bomba.

Mshonaji akasimama nyuma ya mdogo wake, mikono kiunoni.

"Mkeo yuko leba."

"Najua, dada." Jicho halikubanduka.

Akampasha yote, na foleni nzima ikapashwa bure. Sawa, wodini wanaume hawaruhusiwi kupanda. Lakini waume wenzake wako getini wanatafuna kucha kama binadamu. Ni yeye peke yake aliyetoroka. Halafu kuna mama mkwe. Mama mkwe ameganda kwenye dirisha la mwisho la ukumbi wa juu, macho mjini, anamsubiri. Hakai, hanywi hata maji. Anakimbilia mlango wa leba, anauliza, anarudi dirishani. Alimtuma mshonaji taulo mbili, nyekundu na nyeupe. Mshonaji alipoleta nyeupe zote mbili, alirudishwa dukani kama mtoto wa chekechea.

"Hiyo ni hasira tu," alisema. "Anatafuta pa kuimwagia."

Na hapo ndipo palipomuuma. Siku ya harusi, mama mkwe alitangaza mbele ya watu kwamba mwanamume anayetembea akitazama juu ataangukia shimoni na binti yake mkononi. Tangu siku hiyo mshonaji alikuwa na kazi ya kumsafisha mdogo wake: kumshonea mama mkwe magauni bila malipo, kumsifia mkwewe kwa kila pindo. Leo yote yangekwenda na maji.

"Mtoto akizaliwa baba yuko paani, ukoo wetu utasemwa mpaka huyo mtoto aote ndevu."

"Na akiwa wa kike?" mwenyekiti aliuliza.

Hakuna aliyejua. Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilikuwa mbovu miezi kadhaa sasa, na mafundi walikuwa bado wanasubiriwa. Kilichojulikana ni kwamba tumbo la wifi liliingia mlango wa hospitali kitambo kabla ya mwenyewe.

"Hospitali ndiyo ile," mshonaji alisema, akanyoosha mkono kuelekea kilimani, kule jua lilikokuwa linatua. Kidole chake kikapita juu kidogo tu ya bomba. "Ukishuka sasa hivi utawahi."

"Nikishuka sasa hivi nitakosa," fundi alisema.

"Utakosa nini? Kwani mwezi hautoki tena?"

Foleni iliguna kwa uchungu.

Mwenyekiti, mtu wa amani, aliitua ndoo nyuma ya fundi na kuanza kumweleza mgeni taratibu za chama. Darubini ni kwa mambo ya mbinguni tu. Mwoka mikate mmoja alifukuzwa kwa kuielekeza jikoni kwa jirani, ingawa aliapa kwamba alikuwa anatafuta kimondo. "Hapa hatuchungulii madirisha ya watu, mama." Na akipata zamu asishtuke, kioo hicho hupindua kila kitu, hata mwezi atauona umesimama kwa kichwa.

Jua likazama. Taa zikawashwa kule kilimani. Ghafla fundi alijibandua kwenye darubini. Alifuta jicho, akarudi kwenye kioo, akalifuta tena, akajaribu na la pili.

"Umetokea?" foleni iliuliza.

Fundi alimshika dada yake mabega, akamwinamisha kwenye darubini, akamnong'oneza sikioni ili mwenyekiti asisikie.

"Machozi yamenijaa, dada, naona ukungu mtupu. Tulipatana na mama mkwe: taulo nyekundu msichana, nyeupe mvulana. Niambie."

Mshonaji, asielewe hili wala lile, akaweka jicho.

Ndani ya dirisha lenye taa, kichwa chini miguu juu, mama mkwe alikuwa anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, mdomo wazi, mikono yote inapepea.

"Zote mbili," mshonaji alisema.

Nyuma yake fundi alikaa kitako juu ya ndoo, mfuniko ukapasuka, na simu za chama kizima zikavunjika chini yake.