Rejea Barua Yako ya Juzi

Hapana, hakuna mtu alifukuzwa. Ingekuwa kufukuzwa, Akinyi angeshukuru Mungu, abebe begi yake, apande gari ya Kombewa siku hiyo hiyo. Shida ilikuwa kwamba hakuna mtu alitaka kumwachilia. Wewe kaa vizuri usikie.

Huyu msichana alikuwa karani wa ofisi mbili, huko Migosi. Moja ilikuwa ya Mkurugenzi, yule wa kuleta samaki kutoka ufuoni. Ile ingine ilikuwa ya Meneja, mama wa hoteli pale Kibuye, ambaye ngege, wale samaki wake wa kukaanga, watu walikuwa wanapigia foleni. Miaka mingi hawa wawili walifanya biashara bila maneno. Halafu ile wiki ya Pasaka, Mkurugenzi akasema mbele ya wateja ati siku hizi supu ya hoteli inakaa kama maji ya kunawa mikono.

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Alipanguza mikono na aproni, akasema pole pole, "Kuanzia leo, ukiwa na neno na mimi, andika barua."

Basi akaandika. Mkurugenzi alifika darasa la sita tu, lakini ni mtu wa kupenda karatasi sana, hata risiti ya sukari anatunza. Na Akinyi ndiye alikuwa amesomea ukarani, na kompyuta anayo. Meneja naye, wa kujibu barua alikuwa nani? Akinyi huyo huyo. Asubuhi anatukana na lugha safi ya serikali, mchana anajijibu.

"Rejea barua yako ya juzi," Mkurugenzi anamsomea aandike. "Kuhusu ukubwa wa ngege. Ofisi hii imesikitishwa sana." Chini kabisa, kila barua, wako mwaminifu. Meneja akifika hapo anatoa hewa na pua. "Mwaminifu," anasema. "Sawa."

Wote wawili walimkataza kuita mtu jina. Cheo peke yake. Kutoka ofisi moja mpaka ingine ilikuwa hatua tisa, lakini lazima agonge mlango, angoje aambiwe ingia, halafu atoe barua na mikono miwili. Hawa watu walikuwa wanapishana mlangoni kila siku, mmoja anaangalia dari, mwingine anaangalia viatu.

Naswa, bwana mmoja wa kuchapisha karatasi pale Kibuye, siku moja alishika bahasha mbili akauliza mbona hizi kampuni sanduku la posta ni moja. Akinyi akamwambia hapa Kisumu sanduku moja watu wangapi wanatumia. Na si uongo.

Mpaka mwezi wa nane, barua zilikuwa zimefika sitini na moja.

Ndipo kazi ya kweli ikatokea. Chama cha wakulima huko Kombewa kilitaka karani, na kikamchagua yeye. Aripoti Jumatatu. Kitu walichotaka ni kimoja tu: fomu ya kusema tabia yake ni nzuri, isainiwe na wote wawili aliowafanyia kazi. Fomu moja, mistari miwili. Asipokuja nayo, nafasi anapewa mwingine.

Mkurugenzi akasoma, akarudisha. Yeye hawezi kusaini juu ya Meneja kama mtu wa kujipendekeza, na hawezi kusaini chini yake kama mtumwa. Aombwe msamaha kwanza. Akinyi akatembea hatua tisa. Meneja akasema vilevile, karibu neno kwa neno, na akaongeza kwamba jambo hilo Mkurugenzi aliandikie barua.

Hiyo ilikuwa ya sitini na mbili. Akinyi alipiga chapa machozi yakimtoka. Alikuwa kama mbuzi amefungwa kamba mbili, kila kamba inavuta upande wake, na wenye kamba wote wanasema wanampenda.

Jumamosi akaandika barua yake mwenyewe, ya kwanza. Nakala mbili. Kuhusu mkutano wa dharura. Jumapili saa saba. Atakayekosa, itachukuliwa amekubali makosa yote.

Unafikiri kuna mtu alikosa? Saa saba kamili Mkurugenzi ameketi na koti, faili magotini. Meneja akaja na kitambaa cha kanisani, faili yake ni nene zaidi. Ajenda ilikuwa moja: kila mtu asome barua zake mwenyewe, kwa sauti.

Mkurugenzi alisoma tatu. Ya nne akaifunga, akakohoa. Meneja akafungua yake. "Kuhusu ombi la kuletewa ngege wakubwa kama zamani," akasoma. Akafika hapo kwa zamani, akaweka karatasi chini.

Mkurugenzi akaangalia viatu vyake.

"Ngege wako nje, kwa ndoo," akasema. "Wakubwa. Nimeleta asubuhi. Sikujua hiyo inaandikwa namna gani."

"Hiyo haiandikwi," Meneja akasema. Akasimama, akaenda kuwaparua magamba na kitambaa chake cha kanisani bado kichwani.

Samaki wakiwa kwa mafuta, Mkurugenzi akachukua ile fomu, akaisukuma mpaka upande wa pili wa meza pamoja na kalamu. "Anza wewe," akasema. Meneja akasaini, vidole vina unga. Mkurugenzi akasaini chini yake, wala hakuuliza kitu.

Akinyi akaleta maji ya moto na beseni, akanawisha Mkurugenzi, halafu Meneja. Ugali ikawekwa katikati. Wakaketi wote watatu, meza moja.

"Haya, tuombee chakula, Baba Akinyi," Meneja akasema, na tangu Pasaka hakuwa amemwita hivyo.