Mkono Mmoja Mfukoni

"Haya, chagua wewe," Royce alisema, akapanga picha tatu juu ya meza ya jikoni.

Verna aliacha kukausha vyombo. Ilikuwa miaka minne tangu mumewe amuulize maoni yake juu ya kitu chochote, hata chumvi. Simu ya Verna ilikaa mfukoni mwa Royce. Funguo za milango yote zilining'inia kiunoni mwa Royce, na madirisha aliyapigilia misumari yeye mwenyewe, akidai ni kwa ajili ya baridi ya Indiana. Mwaka uliopita Verna alipiga mayowe mchana kutwa mpaka sauti ikamkauka. Hakuja mtu. Kati yao na nyumba ya jirani kulikuwa na shamba zima la mahindi.

Picha zilikuwa za amplifaya za gitaa, zile za kizamani zinazotumia valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Unaletewa vipande kwenye boksi, unaviunga mwenyewe. Ya kwanza wati tano. Ya pili kumi na nane. Ya tatu hamsini, spika nne, kubwa kama kabati la nguo.

"Wanaozijua wanasema anayeanza aanze na ndogo," Royce alisema. "Hii kubwa ina volti karibu mia tano. Inaua. Tena ndogo haitamsumbua yule jirani kikongwe, Ostrander, anaita polisi hata mbwa akipiga chafya."

Verna alizijua volti hizo. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa televisheni, na yeye alikulia miguuni pake, akimpokeza vichupa vya namna hiyo hiyo. Aliitazama ile kubwa, kisha akaweka kidole juu ya ile ndogo.

"Hii. Kwa mtu kama wewe inatosha."

"Mtu kama mimi ndiyo nani?"

"Mtu anayeanza. Hiyo kubwa waachie mafundi. Na kama unamwogopa bibi wa watu, ndiyo kabisa."

Royce alicheka kwa pua. "Umeulizwa kidogo tu, tayari umekuwa mwalimu."

Kahawa haijapoa, alikwisha kuagiza ya hamsini. Verna akarudi kwenye vyombo vyake, akainamisha uso asionekane. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Royce hakulelewa na watu wa kumwambia hivyo.

Boksi lilifika, na kila Jumamosi mchana wakawa wanashuka wote wawili kwenye chumba cha chini ya nyumba. Royce macho yake hayakuweza maandishi madogo, basi Verna akasoma kitabu cha maelekezo, Royce akatia lihamu. Alisoma neno kwa neno, hakuruka hata mstari. Angeruka ukurasa mmoja, mimi nisingemlaumu.

Jumamosi ya tano walikuwa wameijaribu mitambo kidogo, bila spika. Royce akachomoa waya ukutani na papo hapo akapeleka mikono yote miwili ndani ya sanduku. Verna aliona. Umeme wa vitu hivi haufi kwa kuchomoa waya. Hubaki umejikunyata kwenye kapasita, vile vikopo vinavyouhifadhi, unamngoja mtu. Ukimkuta ameshika kwa mikono miwili, unapita kifuani. Kilichotakiwa ni Verna kunyamaza tu, na maisha yake yote alikuwa anaambiwa anyamaze.

"Mkono mfukoni," akasema.

"Nini?"

"Mkono mmoja uwe mfukoni. Mafundi ndivyo wanavyofanya. Baba alizoea mpaka akawa anakula hivyo."

Royce alirudisha mikono taratibu, uso umempauka. "Ungeweza kukaa kimya," akasema.

"Ningeweza."

Bado, Verna aliwaza, akafungua ukurasa uliofuata. Amplifaya haijaisha bado.

Tangu hapo yeye mwenyewe akawa anatembea na mkono mmoja kwenye mfuko wa aproni, akipika, akifagia, akitandika. Royce akapata la kumtania. "Unaogopa sahani zitakupiga shoti?"

"Nimerithi kwa baba," Verna alijibu.

Amplifaya ilikamilika mwezi wa kumi. Royce aliipandisha sebuleni kwa jasho, akaunga spika zote nne, akajivika gitaa. Vichupa vikawaka. Akapiga nyuzi, ikatoka sauti nyembamba ya mgonjwa.

"Nimefanya kazi ya bure," akasema.

Verna alikuwa amesimama pembeni, karibu na mlango, mkono mfukoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Baba alikuwa akisema vichupa haviimbi mpaka vichemke," alisema. "Fungulia mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?"

"Au niipunguze kidogo, kama huiwezi."

Royce akazungusha kitufe mpaka kikagota. Akainua mkono, akaushusha juu ya nyuzi zote sita.

Vioo vya madirisha vilitikisika. Kikombe kilitembea chenyewe mezani kikaanguka. Verna alifumba macho. Alipoyafumbua, Royce alikuwa mzima wa afya, anacheka kama mtoto, anapiga tena, na tena, nusu saa nzima bila kupumzika, mpaka kengele ya mlango ilipolia mara ya tatu ndipo akaisikia. Akachagua ufunguo kiunoni, akafungua.

Polisi walikuwa wawili.

"Samahani, bwana. Bi. Ostrander, ng'ambo ya shamba, analalamika."

"Kikongwe yule," Royce alisema, bado anacheka. "Basi, nitapunguza."

Yule polisi mdogo alichungulia juu ya bega lake. "Na wewe mama, humu ndani salama?"

"Salama," Royce alimjibia.

Verna akautoa mkono mfukoni, akamnyooshea yule polisi mdogo karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na imelainika kama kitambaa, maana alikuwa ameiandika siku ile ile ya picha tatu.