Sauti ya Kuazima

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali: Jumanne jioni, watu wakitoka makazini, dunia iliangamia. Milima ilipasuka, bahari ikachemka, na viumbe wenye vichwa kama vibuyu wakashuka kutoka angani kuja kugawana kilichobaki.

Iliangamia kwenye runinga ndogo iliyokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtazamaji alikuwa mmoja, amevaa soksi moja, anatafuna mkate mkavu.

Kazini walimwita Magego, kwa kuwa alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa nzima alichonga nta, akamimina plasta, akapanga meno kwenye fizi za rangi ya waridi. Kwa kifupi, alitengeneza vicheko vya watu wengine. Jioni alirudi kwenye chumba ambamo hakuna aliyemsubiri isipokuwa runinga, nayo ilikuwa bubu. Spika ilikuwa imekufa. Fundi wa runinga aliifungua, akaguna, akaifunga, akaondoka na skrubu zilizobaki.

Lakini Mungu si Athumani. Ukuta wa chumba ulikuwa mwembamba, na nyuma yake aliishi jirani aliyependa kituo kile kile, tena kwa sauti ya juu. Basi Magego akawa anatazama picha yake na kusikiliza sauti ya mwenzake. Hawakuwahi kuonana, maana mlango wa jirani ulitazama mtaa wa pili. Alimjua kwa kicheko tu: kicheko cha mama mtu mzima, kinachoanzia tumboni.

Kicheko hicho kilikuwa na kasoro moja. Kilichelewa. Mchekeshaji angeteleza na trei ya mayai, na ukuta ungebaki kimya. Mpaka Magego apige kelele, "Lo! Mayai yote kichwani kwa bosi!" ndipo mama wa watu angeangua kicheko hadi akohoe.

"Maskini," Magego alijisemea. "Ni mzito kidogo wa kuelewa."

Yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kugombana na runinga. Filamu za mizimu ndizo zilizomtoa akili kabisa. "Wewe dada, usifungue hilo kabati! Hayo ni masikio au mapambo? Haya, mkono huo unatoka! Una kucha kama majembe!"

"Mama yangu!" jirani angepiga yowe upande wa pili.

Jioni kama hizo Magego alilala akiwa jirani kabisa na furaha. Hakuwa na mtu mwingine wa kuogopa naye.

Sasa turudi kwenye maangamizi. Jumanne hiyo chombo cha wale viumbe kilitua katikati ya jiji. Muziki ukakatika. Mlango wa chombo ukaanza kufunguka, polepole. Magego akasogea mbele, mkate umejaa mdomoni, hata neno halikupita.

Ngo! Ngo! Ngo!

Ukuta ulikuwa unagongwa.

Magego aliganda. Mtu hagongewi ukuta kwa kupongezwa. Kumbe siku zote hizo alikuwa akimkera mama wa watu kwa makelele yake! Na akikasirika akapunguza sauti, je? Yeye atabaki na nini? Ndoo, na watu wanaofungua midomo na kuifumba kama samaki.

Akaapa kunyamaza. Aliimaliza filamu kiganja kikiwa mdomoni. Ukuta ukagongwa tena, kwa upole zaidi. Akaacha hata kutafuna.

Jumatano vilikuja vichekesho. Alicheka ndani ya mto. Upande wa pili hakuna aliyecheka.

Alhamisi ikawa zamu ya mizimu. Filamu haikufika nusu, sauti ikazimwa.

Ijumaa ukuta ulikuwa ukuta tu.

Magego alikaa mbele ya picha mpaka akashindwa. Akanawa uso, akatafuta soksi ya pili, akazunguka hadi mtaa wa nyuma akikariri maneno ya kuomba radhi kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Jua lilikuwa limeshazama. Akabisha hodi.

"Nani?"

"Jirani wa nyuma, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa giza. "Ni wewe yule wa makelele?"

"Ndiye mimi. Mama, acha nikiri tu. Runinga yangu haina sauti. Nimekuwa nikiiba yako muda wote. Na juu ya wizi, nikakupigia kelele. Nimekoma. Nakuomba uiwashe tu, nami nitatulia kama maji mtungini."

"Utulie?" mama akafoka. "Utulie tena? Muziki unakatika, watu wanalia, na wewe kimya! Nimegonga ukuta mpaka vidole vimevimba. Nikasema, kijana wa watu kaliwa!"

"Sijaelewa, mama."

"Na mimi nimeelewa nini wiki hii? Ingia, mwanangu, wanakaribia kuanza."

Magego akaingia. Goti lake likagonga stuli, stuli ikaangusha bakuli.

"Samahani! Swichi ya taa iko wapi, mama?"

Mama akasita kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu wa mbali.

"Ipapase hapo ukutani," alisema. "Tangu nihamie humu, hakuna aliyewahi kuihitaji."